Majembe Kumi na Mawili ya Klabu

Wakati wetu, kiongozi hakupatikana kwa karatasi wala kwa sanduku. Mgombea alisimama mbele, wenzake wakapanga foleni nyuma yake, mwalimu akatembea akihesabu vichwa. Wazazi wetu walikuwa wamepiga kura hivyo hivyo miaka michache kabla, na sisi tulidhani huo ndio utaratibu wa dunia nzima. Hakukuwa na siri. Ukimkataa rafiki yako, alikuona kwa macho yake umesimama nyuma ya mwingine, na jioni ile ile mkakutana mtoni mkiteka maji.

Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa kuwa mwenyekiti wa klabu ya kilimo ya shule yetu ya msingi, kule Navakholo, nikiwa darasa la saba, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilimshinda Barasa, ambaye mlolongo wake ulikuwa mrefu kuliko wangu mpaka harufu ya uji ilipotoka jikoni. Watu wake watano wa nyuma walichomoka kwenda kuwahi vikombe, na mwalimu alipofika mwisho wa foleni hakuwakuta. Barasa sasa ana mvi na wajukuu wawili, na bado anadai kura zake.

Nyinyi wa rika langu mnajua klabu ya kilimo ilikuwa nini. Watoto wangu nikiwaambia wanafikiri ni adhabu. Shamba letu lilikuwa nyuma ya vyoo, likishuka hadi barabara ya murram, na kila Jumamosi asubuhi tulilifikia miguu peku, umande ukituloanisha hadi magotini. Kila mmoja alileta samadi kutoka kwao, kwenye gunia au karai bovu, na aliyekuja mikono mitupu alirudishwa. Tuliimba tukilima. Upepo ukigeuka ulileta harufu tamu ya kiwandani, ile ya sukari inayopikwa, na trekta za miwa zikipita barabarani mistari yetu ilivunjika, nusu ya klabu ikakimbilia trela kuchomoa miwa. Mwalimu alijifanya haoni. Tulirudi tukitafuna, midomo imepasuka, tukashika majembe tena kama watu wasio na hatia.

Mwalimu huyo, Mwalimu Ambani, ndiye aliyekuwa mlezi wa klabu. Alitufundisha kupanda kwa kamba yenye mafundo: kwenye kila fundo shimo, kwenye kila shimo mbolea ya kifuniko kimoja cha soda, udongo kidogo juu yake, kisha punje mbili za mahindi. Ukizidisha punje alikufanya uifukue ile ya tatu kwa vidole. Ukilalamika kwamba jembe lako ni butu alikuambia mchagua jembe si mkulima, basi ukanyamaza, kwa sababu wakati huo methali ilikuwa inafunga mjadala. Siku hizi ukimpa mtoto methali anakuuliza ushahidi.

Kila kazi kwenye klabu ilikuwa na cheo chake. Barasa alipewa unaibu ili atulie. Mweka hazina alikuwa na hazina ya kuku watatu na sungura mmoja. Kulikuwa na msoma mvua, aliyepima maji kwenye mkebe kila asubuhi kwa rula na kuandika ukutani kwa chaki. Mimi nilipewa daftari la jalada gumu na kalamu ya wino mwekundu, na tangu siku hiyo nilianza kutembea kama mkuu wa tarafa, mikono nyuma. Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, ambaye ndiye aliyenilea, alinitazama siku mbili tatu. Ya nne akaniita kutoka jikoni: “Mwenyekiti wa nyasi akuje aoshe sufuria.”

Cheo kimoja tu hakikugombewa na mtu, nacho ni mtunza vifaa. Kilikuwa na kazi nyingi na heshima kidogo. Kilimwendea Amoit kwa sababu hakuna aliyesimama kumpinga.

Amoit alikuwa msichana aliyekuja shuleni kwetu mwaka mmoja kabla. Baba yake alikata miwa. Walitoka upande wa Teso, mbali na kwetu, wakapanga chumba kimoja nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia unga, pale sokoni, yeye na wazazi wake na kaka yake mdogo. Hakuwa na shamba, hakuwa na ukoo pale, hakuwa na shangazi wa kukimbilia akichapwa. Mwanzoni tulimcheka kwa sababu hakujua lugha yetu. Kufikia muhula wa pili aliijua vya kutosha kututukana, na hapo tukawa marafiki.

Cheo kile cha kuachiwa alikibeba kuliko nilivyobeba changu. Ufunguo wa stoo aliufunga kwa kamba ya katani, akauvaa shingoni chini ya sare. Majembe ya klabu yalikuwa kumi na mawili, na kila moja aliliwekea namba kwa kuchoma mpini kwa msumari wa moto. Jembe likirudishwa na udongo hakulipokea. Alikaa mlangoni mwa stoo, akakunyooshea kidole kwenye bomba la maji, ukaenda ukaosha hata kama wewe ni kiranja mkuu. Mimi mwenyekiti alinirudisha mara tatu siku moja. Nilikasirika, nikamkumbusha cheo changu. Alinijibu kwamba jembe halijui mwenyekiti.

Mwaka ule tulikuwa tukishindania kitu kikubwa. Afisa wa kilimo wa tarafa angezunguka shule zote mwezi wa sita, akague mashamba ya klabu, na shule ya kwanza ingepelekwa Kisumu kwa basi kuona maonyesho ya kilimo. Sikuwa nimewahi kuona ziwa. Sikuwa nimewahi kuvuka mji wa Kakamega. Nililala na Kisumu na kuamka na Kisumu, na kwenye daftari langu la jalada gumu nilikuwa nimeshaandika nani atakaa na nani kwenye basi. Nasema haya ili mjue nilichokuwa nikikitaka. Sikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa mtoto aliyetaka kitu.

Ardhi tuliitayarisha tangu Januari. Mwezi wa tatu ulipoingia, Mwalimu Ambani aliitwa Sigalagala kwa mafunzo ya wiki mbili. Kabla ya kuondoka aliniita chini ya bendera, mbele ya wenzangu, akaniambia mvua ya kwanza ikinyesha, Jumamosi inayofuata tupande. “Usingoje kuniuliza. Wewe ndiye mwenyekiti.” Hakuna mtu mzima aliyekuwa amewahi kuniambia nisiulize.

Alhamisi ya wiki ile baba yake Amoit alifariki. Alikuwa ameugua kifua majuma mawili, wakampeleka hospitali mjini Kakamega, akafia huko. Ijumaa, wakati wa somo la mwisho, mvua ikanyesha, ile ya kwanza yenye matone mazito na harufu ya vumbi. Darasa zima lilipiga kelele za furaha. Kiti cha Amoit kilikuwa kitupu, nami nilikuwa nikipiga kelele pamoja na wengine.

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo nyinyi wa kwetu mnalijua, lakini watoto wenu huenda hawalijui. Kijijini kwetu mtu akifa, majembe yanalazwa. Hakuna kulima, hakuna kupalilia, hakuna kupanda, mpaka marehemu azikwe. Hata mvua inyeshe, hata mbegu iharibike kwenye debe. Jembe pekee linaloweza kuonekana begani mwa mtu ni lile linalokwenda kuchimba kaburi. Nililijua hilo kama nilivyojua jina langu. Mwaka mmoja kabla, mama mmoja wa mtaani kwetu alifariki katikati ya palizi, nasi tulikaa siku tano tukitazama magugu yakipanda juu ya maharagwe, na Kukhu hakusema lolote zaidi ya kusema kwamba magugu hayajafiwa.

Lakini Jumamosi ile asubuhi nilijipa hoja zangu. Nilijiambia baba yake Amoit hakuwa wa kwetu. Ukoo wake ulikuwa kwao, kaburi lake lingekuwa kwao, na majembe ya kulazwa yalikuwa ya huko kwao. Nilidhani maiti ingesafirishwa. Nilimwona Kukhu ameketi nje mapema vile, miguu ameinyoosha, jembe lake limelala ubavuni pa nyumba, nikajiambia ni goti lake linamsumbua. Sikumuuliza. Sasa najua kwa nini sikumuuliza.

Tatizo langu lilikuwa moja tu: ufunguo ulikuwa shingoni mwa Amoit.

Nilienda sokoni peke yangu. Nyuma ya posho mill watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Mabenchi ya kanisa yalikuwa yamepangwa, moto ulikuwa ukifuka, na wanawake wa kwetu, wanawake ninaowajua kwa majina, walikuwa wamekaa chini karibu na mlango wakiimba polepole. Maiti ilikuwa imeletwa jana yake jioni. Nilisimama kando ya mapipa ya maji mpaka Amoit aliponiona. Alikuja akiwa amejifunga leso ya mama yake, macho yamevimba.

Nilimpa pole. Kisha nikamwambia nimekuja kwa ajili ya majembe.

Alivua ile kamba shingoni kabla sijamaliza kueleza. Akaniwekea ufunguo mkononi, akaufunga mkono wangu kwa mikono yake miwili.

“Asante, Nanjala,” alisema. “Chukueni yote. Na sururu iko nyuma ya mlango.”

Nilishangaa kidogo. Sururu ya nini kwenye shamba lililolimwa mara mbili? Nikafikiri ni msiba umemchanganya. Nilimwahidi tutayaosha, naye akajaribu kutabasamu. Nilitoka pale mbio, moyo mwepesi, nikiona jinsi mambo yalivyokuwa rahisi.

Wanachama walikuwa wakinisubiri shuleni, karibu thelathini. Wawili watatu walisita. Barasa aliniuliza kama nina hakika, maana kwao hakuna aliyeenda shambani asubuhi hiyo. Nilimwambia mwalimu ameniachia kazi mimi, na kwamba kama angekuwa mwenyekiti angejua uzito wake. Neno hilo lilimnyamazisha, kwa sababu lilimgusa pale pa mlolongo. Tukatandaza kamba.

Sijawahi kuona upandaji mzuri kama ule. Udongo ulikuwa laini, mweusi, ukipasuka wenyewe chini ya jembe. Nilitembea na daftari langu nikiandika mistari. Mama mmoja alipita barabarani, akasimama, akatutazama kwa muda, akaenda bila kujibu salamu zetu. Nilimwandika kwenye mawazo yangu kuwa ni mtu asiye na adabu. Kufikia saa tano na nusu tulikuwa tumefika katikati hasa ya shamba, mstari wa kumi na nane.

Hapo ndipo liguru, mzee wa kijiji chetu, alipotokea njia ya vyooni na wanaume wanne nyuma yake. Alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyevaa koti hata wakati wa jua. Alisimama pembeni mwa mstari wa mwisho asikanyage mbegu.

“Mwenyekiti ni nani hapa?” aliuliza.

Nilijitokeza. Niliona fahari, Mungu anisamehe.

“Yule mtoto ametuambia mwenyekiti wake amechukua ufunguo, majembe yanakuja kaburini,” alisema. “Tumengoja mpaka tumechoka. Sasa tumekuja kuona kama mmekosa njia.”

Kumbe maiti haikusafirishwa. Hapakuwa na njia ya kumfikisha kwao, na kanisa lilikuwa limetoa kipande cha ardhi pembeni mwa uwanja wake. Angezikwa alasiri ile, pale pale kwetu. Kijiji kizima kilikuwa kimelaza majembe kwa ajili yake tangu Ijumaa, na wachimbaji walikuwa na machache tu mkononi, wakingoja yetu. Mjane alikuwa ameuliza nani atamchimbia mume wake kaburi ugenini. Binti yake akamjibu asiwe na wasiwasi, klabu ina majembe kumi na mawili. Na mimi nilipotokea kando ya mapipa ya maji, akaona ndilo jambo ninalolitaka. Angefikiria nini kingine? Siku kama ile jembe lilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda.

Barasa alikuwa ameshaweka jembe lake chini. Liguru alitazama mistari yetu iliyonyooka, na ile kamba, na vifuniko vya soda.

“Kwani huyu amekufa si mtu?” aliniuliza.

Hakupaza sauti. Angepaza ningelia, na kulia kungenisaidia. Nilisimama tu na daftari langu.

Tulibeba majembe wenyewe hadi kanisani, kwa foleni, sururu nikiibeba mimi. Hatukukumbuka kuosha. Wanaume walikuwa wameanza kuchimba kwa majembe mawili ya kuazima, wamefika magotini. Amoit alikuwa amesimama pale na kaka yake mdogo. Alimpokea wa kwanza wetu jembe lake, kama alivyopokea kila Jumamosi, akaligeuza alione. Lilikuwa na udongo mbichi mweusi, na chembe nyeupe za mbolea zimegandia kwenye shingo. Pale kanisani udongo ni mwekundu.

Akalitazama. Akanitazama mimi. Akachukua pindo la leso, akalifuta, akampa mchimbaji. Akapokea la pili, akalifuta. Yote kumi na mawili, moja moja, na sisi tumepanga mlolongo mbele yake kama siku ya kura. Mimi nilikuwa wa mwisho.

“Mmemaliza kupanda?” aliniuliza.

Ningependa kuwaambia kwamba aliuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtunza vifaa anavyomuuliza mwenyekiti.

“Bado,” nilisema.

“Haya. Tutamaliza.”

Alimzika baba yake alasiri hiyo, na mvua ikanyesha jioni juu ya kaburi na juu ya mistari yetu kumi na minane. Nyumbani Kukhu alikuwa ameshasikia. Sikuchapwa, na mwajua wakati ule kutochapwa kulimaanisha nini. Alinipakulia obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda, akakaa mbele yangu akinitazama nikifinyanga tonge moja lile lile.

“Kifo hakiulizangi mtu ametoka wapi,” aliniambia. “Wewe umeuliza.”

Ndiye pia aliyesema majembe yaliyochimba kaburi lazima yalale mpaka siku za msiba ziishe, na Mwalimu Mkuu alikubaliana naye. Kwa hiyo nusu ya shamba ilibaki wazi.

Amoit alirudi shuleni siku moja tu baada ya hapo. Alikuja kukabidhi. Mama yake alikuwa anawarudisha kwao, maana kazi ya miwa ilikuwa ya marehemu na chumba kilikwenda na kazi. Aliniita stoo, akahesabu vifaa mbele yangu kama vile anakabidhi serikali. Majembe kumi na mawili yalikuwa yameoshwa, yamepakwa mafuta machafu ya gari yasishike kutu. Sururu, mikebe miwili ya kumwagilia, toroli lisilo na gurudumu. Alinionyesha kwamba mpini wa jembe namba nne umelegea, niulaze kwenye maji usiku mmoja ukaze. Kisha akasaini daftari langu, jina lake kamili, herufi za kulala.

Nilikuwa nimejitayarisha kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyakariri maneno njia nzima kutoka nyumbani. Lakini yeye alizungumza kuhusu mpini, nami nikajibu kuhusu mpini, na kengele ikalia. Nilimwambia tutamwandikia barua. Alisema sawa. Alipofika getini aligeuka akatazama shamba, si mimi, kisha akaenda. Barua sikuandika. Sikujua anuani, na ningeweza kuiuliza.

Nusu ya pili tuliipanda wiki mbili baadaye, kwa mvua iliyokuwa imeshapungua. Na mahindi hayajui kuficha. Yaliota yale ya kwanza yakakimbia, meusi ya rutuba, yakafika kifuani wakati yale mengine yako magotini. Kila aliyepita barabarani aliona shamba moja lenye kimo cha aina mbili, na mpaka kati yake ulionyooka kama uliokatwa kwa rula. Watu wa kijijini walijua maana yake. Upande mrefu, ule uliokuwa mzuri, ndio wa aibu. Nilipalilia nusu ile nikiinamisha kichwa, na nilitamani inyauke.

Afisa wa kilimo akaja mwezi wa sita, na viatu vya mpira na faili. Shule yote ilipangwa kando ya shamba. Alizunguka, akapima nafasi kati ya mashina, akasifu mistari. Kisha akasimama pale pa mpaka, akataka mwenyekiti aeleze kwa nini.

Nimelifikiria jibu langu kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilisema hivi: “Tuliacha kupanda katikati, kwa sababu ya msiba wa baba wa mwanachama wetu.”

Hakuna neno la uongo ndani yake. Lipimeni mtakavyo. Afisa alivua kofia. Aliwageukia wanafunzi wote akawaambia hao ndio viongozi nchi inaowahitaji, watoto wanaojua kwamba utu unatangulia mavuno, na kwamba yuko tayari kusamehe nusu ya shamba kwa ajili ya heshima ya namna hiyo. Mwalimu Mkuu, ambaye alijua, alitazama viatu vyake. Mwalimu Ambani, ambaye hakuwepo siku ile, alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Barasa alinitazama nikitazamwa. Angeweza kusema neno moja tu akachukua uenyekiti wangu pale pale, lakini akapiga makofi na wengine. Nafikiri aliilinda shule. Nafikiri pia alinihurumia.

Tulikuwa wa pili. Kisumu hatukwenda. Lakini nilipewa cheti chenye muhuri, kwa uongozi bora, na cheti hicho kilinifungulia njia. Sekondari walikisoma wakanifanya kiranja. Kutoka hapo nikawa kiongozi wa kwaya, kisha wa akina mama kanisani, kisha wa chama cha wakulima wa miwa wa eneo letu, mwanamke wa kwanza. Wanaonijua wote wananiita Mwenyekiti. Kuna vijana wanaofikiri ni jina nililobatizwa. Ni kweli nimeongoza vizuri. Nafika mapema, nasikiliza, siwatumi watu mahali nisipofika. Mengi ya hayo niliyaona kwa msichana aliyekaa mlangoni mwa stoo akikataa majembe machafu.

Desemba iliyopita tuliosoma pamoja tulikutana Khayega, kwa mmoja wetu aliyejenga huko. Kulikuwa na kuku, obusuma, na chai isiyokwisha. Tulizungumza kama watu wa umri wetu wanavyozungumza: presha, magoti, bei ya mbolea, watoto wasiopokea simu. Mtu akasimulia kwamba mtaani kwake kijana alilima kwa trekta kando ya ua wa jirani aliyefiwa, hema limesimama, jeneza liko nyumbani, na alipoulizwa akasema trekta ni ya kukodi. Watu walitikisa vichwa. Wakasema kizazi hiki hakina utu. Wakasema zamani zetu nani angethubutu, hata mtoto mdogo alijua kulaza jembe. Mimi mwenyewe siwalaumu sana vijana; mashamba yamekuwa vipande, mvua haina ratiba, na vifo ni vingi. Lakini nilitikisa kichwa changu pamoja nao.

Kisha wakataka Mwenyekiti aseme neno la kufunga. Nikasimama. Barasa alikuwa ameketi kando ya mlango, kikombe mkononi, akinitazama kwa yale macho yake ya siku ile. Nikasema kweli tulilelewa kwa heshima. Wakapiga makofi. Ikawa mara ya pili.

Ndiyo maana nimekaa kuandika. Wenzangu, kila mkikutana mkasema enzi zetu wafu waliheshimiwa, hamsemi uongo: waliheshimiwa. Kijiji chote kililaza majembe kwa mtu asiye na ukoo, na hilo watoto wetu hawataliona tena. Ila kwenye kijiji kile mtoto mmoja aliinua jembe asubuhi ile, akawaamuru wenzake waliomwamini wainue, na akasifiwa kwa kuliweka chini. Huyo ni mimi. Amoit, popote ulipo, hatukumaliza pamoja, na sikukuomba msamaha ulipokuwa umesimama mbele yangu. Nakuomba sasa.